Kasiksi ya Jiwe Jeusi

Msomaji, Hubert bado yuko shimoni. Wewe umekula, umelala, umekwenda misa, umegombana na jirani juu ya mbuzi wake. Yeye, tangu sehemu iliyopita ya hadithi hii, wiki nzima amebaki kichwa chini, miguu juu, katikati ya ndizi zake. Tumtoe basi, asije akafia mikononi mwetu.

Kwa yule anayetukuta njiani, nitasema kwa haraka. Hubert ni kijana wa Karuba, kule juu kwenye ng'ombe na ukungu. Ameshuka Sake, ukingoni mwa ziwa la Kivu, kwa ajili ya Léontine, binti wa Papa Honoré, mkubwa wa wavuvi. Papa Honoré hataki maneno matamu. Amesema: siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, kijana alete mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi, aliyoikamua kwa mikono yake, kwa ndizi za kwao. Ikikosekana, binti ataolewa na Émile, kapita wa beach, msimamizi wa pale mashua zinapotia nanga, mwenye kofia ngumu na baiskeli inayong'aa. Hubert alibeba ndizi kutoka Karuba, akachimba shimo la kuziivishia katika bonde dogo karibu na maji. Asubuhi hii ya Jumatatu alishuka kuzitazama. Akainama. Akaanguka.

Léontine, aliyemfuata nyuma, ndiyo kwanza alikuwa amefika juu, ukingoni mwa shimo.

Mtu wa mlimani angeruka ndani, nasi leo tungezika wawili. Léontine ni mtoto wa ziwa. Hakuruka, wala hakulia. Alikimbia hadi kwenye mtumbwi wa baba yake, akarudi na mti mrefu wenye ndoano wa kuvutia nyavu, akaunasa mkanda wa suruali ya Hubert, akaegemea nyuma kama mtu aliyenasa samaki ambaye hakumtarajia.

Mkanda ule ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe wa Karuba. Mungu awabariki ng'ombe wa Karuba. Haukukatika.

Hubert alitoka shimoni makalio yakitangulia. Si namna nzuri ya kutokea mbele ya mchumba, lakini alitoka. Léontine akamburuta hadi juu ya kilima kidogo ambapo upepo wa ziwa hupita, akampiga kofi la shavu la kulia. Kimya. Akampiga la kushoto, hilo kwa moyo zaidi.

Kijana akafumbua macho. Unadhani aliuliza yuko wapi? Aliuliza ndizi ziko namna gani.

"Mbichi," Léontine akamjibu. "Kama vile siku ulizizika."

"Haiwezekane. Udongo wa pale iko moto. Niliushika mwenyewe."

"Iko moto, ndiyo. Na iko mazuku ndani yake. Kwenu Karuba hamuna mazuku?"

Kwao Karuba hakuna. Léontine akamweleza, naye akasikiliza huku akishika kichwa. Mazuku ni upepo mbaya unaotoka chini ya ardhi. Hauna rangi, hauna harufu. Hulala katika mabonde ya ukingoni kama maji yanavyolala ndani ya sufuria. Jua likipanda na upepo ukivuma, huondoka. Usiku na asubuhi hurudi. Mbuzi akiingia, hulala, wala haamki. Moto ukiingizwa, huzimika. Ndiyo maana watoto wa Sake hufundishwa, kabla ya kufundishwa kusali, kwamba bondeni hakulaliwi, na aliyeanguka hafuatwi: anavutwa.

Hubert alichimba mchana, wakati upepo wa ziwa unapiga, kwa hiyo hakuhisi kitu. Kule Karuba baridi ni kali, na mtu akitaka ndizi ziive lazima awashe moto kando ya shimo na kuulinda kama mtoto mchanga. Alipokuta udongo wenye joto lake lenyewe, bila kuni, alipiga magoti akamshukuru Mungu. Akawacheka watu wa ziwa moyoni kwamba wanakaa juu ya tanuri na hawajui kulitumia.

Basi mazuku yakazifunika ndizi zake, zikalala usingizi uleule wa mbuzi, zisiive.

Watu wakaanza kukusanyika. Mama Adelaïde, mama wa Léontine, alifika na bakuli la uji. Wavuvi wakafika na maneno. Hubert, aliyekuwa amekwisha kupata nguvu za kukasirika, akasimama akauliza kwa nini, siku ile alipochimba, watu nusu ya kijiji walipita wakamtazama, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa.

Mzee mmoja akakohoa.

Émile ndiye aliyejibu, akiegemea baiskeli yake. "Kaka, tulizani uko unachimba choo."

Kicheko kiliruka hadi ng'ambo ya ghuba. Wavuvi wakakiri: ndiyo, walidhani ni choo. Wengine walimsifu hata, wakasema kijana huyu wa mlimani ana adabu, hajaoa bado na tayari anawaza usafi wa wakwe.

Lakini Léontine hakucheka. Alikuwa akimtazama Émile.

"Wewe ulimuona akishusha ndizi," akasema. "Ulikuwa hapa. Uliniambia mwenyewe: amefunika na majani ya migomba. Ni wapi, hukusema. Choo gani inafunikwa na migomba?"

Kofia ngumu ikainama kidogo. Émile akakumbuka kwamba kuna mashua ya kahawa inayomngoja beach. Akapanda baiskeli, akaenda, na kwa mara ya kwanza kengele yake haikulia.

Msomaji, sasa unajua. Yule bwana aliona kifo kikichimbwa akanyamaza. Mshike huyo moyoni mwako, tutarudi kwake.

Ndizi zilitolewa kwa ndoano, kichane kwa kichane. Zilikuwa kijani na ngumu kama kuni. Hubert alikaa chini mbele yazo. Sokoni Sake ndizi mbivu zilikuwa nyingi, lakini sharti lilikuwa ndizi za kwao. Kupanda Karuba na kushuka, kuivisha, kukamua, kungoja pombe ichachuke: siku ya Mungu ingemkuta bado njiani.

Mama Adelaïde akamshauri apande Karuba tu, asirudi, kwa maana aibu ya mbali ni nusu ya aibu. Akaondoka na bakuli lake.

Ndipo Hubert akainua macho, akaona mvuke.

Ulitoka ng'ambo ya ghuba, kwenye jiwe jeusi. Mwaka wa 1938 mlima Nyamulagira ulipasuka, na moto wake ukateremka polepole, miezi na miezi, kama mto wa uji mweusi, mpaka ukaingia ziwani, ukaganda kuwa jiwe. Ulikula mashamba. Ulikula kijiji cha baba yake Papa Honoré, na watu wakakimbilia mitumbwini wakiwa wamebeba watoto na kuku. Ulifunga ghuba, ukaacha mlango mwembamba tu wa kupitishia mitumbwi. Sasa ni mwaka wa 1947, jiwe limepoa juu, majani yameanza kuota. Lakini katika nyufa zake, asubuhi ya baridi, linapumua bado.

"Pale," Hubert akasema. "Jiwe iko juu, upepo inapita. Mazuku hayawezi kukaa. Na moto iko."

Léontine akautazama mvuke.

"Unajua pale iko nini chini? Kijiji ya babu." Akamweleza. Wakati moto ulipoingia ziwani, maji yalichemka na samaki wakaelea wamepikwa tayari, wengi, weupe. Watu walikuwa na njaa. Babu yake, ambaye sasa ni marehemu, akasimama mbele yao na fimbo akawakataza: moto uliokula nyumba zetu hautatulisha. Kitu cha moto ule hakiliwi. Watu wakalala njaa, na tangu siku ile hakuna mtu wa Sake aliyechoma hata hindi moja juu ya jiwe lile. Papa Honoré, kwa neno la baba yake, anaweza kumwaga mitungi yote na mwenye mitungi pamoja.

"Basi tuache," Hubert akasema.

"Mimi nilisema tuache?" Léontine akainuka, akajifunga kitambaa kiunoni. "Nilisema ujue. Beba ndizi."

Ah, wanawake wa ziwa! Alishika kasia mwenyewe. Hubert alikaa katikati ya mtumbwi akikumbatia vichane vyake, macho ameyafumba, kwa sababu kila wimbi lilimsalimu kwa jina. Wakapita ule mlango mwembamba, wakapanda juu ya jiwe. Wakatandika ndizi juu ya ufa wenye joto, wakafunika kwa majani, wakaacha nafasi pande zote upepo upite.

Na mimi, niliyeyaona mengi na kuyapima kwa mizani, nasema:

Moto wa mlima ule, ziwa ndilo lilipoza;
Moto wa kijana yule, maji gani yatapoza?

Jumatano asubuhi walifunua majani. Harufu iliwapiga usoni. Ndizi zote zilikuwa njano, zimelainika, ngozi zimeanza kupasuka kwa utamu. Hubert akaimega moja akataka kumpa mchumba wake. Léontine akazuia mkono. Hakuila, naye kijana akairudisha.

Wakazirudisha ukingoni zikiwa zimefichwa chini ya nyavu. Hubert akazikamua kwa majani makavu mpaka mikono ikavimba, akatia mtama wa kukaangwa, akafunika mitungi. Usiku alikuwa akiweka sikio kwenye shingo ya mtungi, anasikia pombe ikinong'ona, anatabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Siku ya Mungu ikafika.

Misa iliisha, na beach yote ilijaa. Kina mama walikuwa na vitambaa vya sikukuu, wavuvi na mashati yaliyonyooshwa chini ya godoro. Mitungi ilipangwa juu ya mchanga mweusi. Papa Honoré, mtu mfupi mwenye mabega ya kiboko, alikaa juu ya kiti chake, akapewa mrija wa kwanza. Kwa desturi ya nyumba yake, kabla hajanywa hakuna anayekunywa. Akinywa, maneno yamekwisha, binti ni wako.

Alinusa. Macho yakamlegea. "Hii inanukia kama ya zamani," akasema.

Akautumbukiza mrija. Akausogeza mdomoni.

"Papa, ngoja kidogo."

Kofia ngumu ilikuwa imetoka katikati ya watu. Émile alikuwa na shati jeupe, na uso wa mtu aliyengoja wiki nzima. Kapita wa beach kazi yake ni kutazama maji, na Jumatatu ile alikuwa ameutazama mtumbwi mmoja kwa makini sana. Aliyaona yote. Hakuyasema kwa sababu alitaka kuyasema hapa.

"Muulize ndizi zake ziliivia wapi."

Mrija haukufika mdomoni. Papa Honoré akamgeukia Hubert. Mama Adelaïde, nyuma ya mumewe, akatikisa kichwa haraka na kuchezesha midomo bila sauti: jikoni, sema jikoni. Watu wa beach wangeamini. Walikuwa na kiu, wangeamini hata kwamba ziliivia Roma.

Hubert akamtazama Léontine. Uso wake haukumwambia kitu.

Neno moja dogo lingempa mke. Alilifikiri, tusimsingizie utakatifu. Kisha akalimeza.

"Ziliivia juu ya jiwe jeusi, Papa. Kwa moto wa mulima. Na katazo nililijua."

Kina mama wakashika vichwa.

Papa Honoré akautoa mrija mtungini. Akaukung'uta. Matone matatu yakaanguka mchangani, na wavuvi wakayasindikiza kwa macho kama watu wanaozika. Mzee akainuka akauzunguka mtungi mara ya kwanza, akauzunguka tena, akasimama.

"Baba yangu alikataza kula," akasema polepole. "Nilikuwa pale. Alisema hakiliwi. Kunywa hakusema."

"Papa, ni kitu kimoja," Émile akaanza.

"Wewe ulimujua baba yangu ao mimi nilimujua? Muntu yule, kama angetaka kukataza pombe, angesema wazi. Alipenda pombe kuliko sisi watoto wake." Akavuta pumzi. "Lakini sitajidanganya. Tutaenda kumuuliza kule kwa jiwe, juu ya nyumba yake. Émile, chukua mutungi."

"Mimi?"

"Ni wewe uliyeleta maneno. Beba maneno yako."

Basi Sake nzima ikaingia mitumbwini, na mitungi mingine pamoja nayo. Hubert katika mtumbwi wa mzee, macho yamefumbwa kama kawaida. Émile nyuma yake na mtungi mapajani, shati jeupe likipata rangi ya ndizi kila wimbi lilipopiga. Wakapanda juu ya jiwe. Papa Honoré alitembea juu yake kama anayetembea uani kwao, akisema hapa palikuwa mlango wa shangazi, hapa mti wa kutundikia vitunga vya samaki, mpaka akafika kwenye ufa ule wenye joto. Akavua kofia.

"Baba," akasema, "hii iko kijana wa Karuba. Ndizi zake zilikataa kuiva kwa mazuku, akazileta kwako. Angaliweza kunidanganya. Hakunidanganya. Kama unakataa, sema. Kama unakubali, kunywa wa kwanza."

Akauinua mtungi, akamimina.

Kasiksi ikashuka ndani ya ufa. Kwa muda jiwe likanyamaza. Halafu kutoka chini kabisa ikaja sauti, nzito, ndefu, ya tumboni, na mvuke mweupe ukaruka juu wenye harufu ya ndizi tamu, ukamfunika Papa Honoré mpaka mabegani.

Kina mama wakarudi nyuma. Émile akanyoosha kidole. "Mumesikia? Amekataa. Amekasirika."

Papa Honoré alitoka ndani ya mvuke akiwa amelowa uso. Mabega yalikuwa yakitikisika. Watu wakadhani analia. Walipokaribia wakaona mzee anacheka mpaka anashika magoti.

"Kukasirika?" akasema alipoweza. "Hiyo njo mbweu yake. Kila siku ya Mungu, miaka yote ya utoto wangu, nilisikia mbweu ile. Mama alikuwa akiona haya mbele ya wageni." Akajipangusa macho kwa kofia. "Amekunywa. Ameshiba. Leteni mirija."

Msomaji, pombe ile ilinyweka. Ilinyweka juu ya jiwe lililokuwa halijasikia wimbo tangu mwaka wa moto. Wazee waliimba nyimbo za mitumbwi, vijana wakacheza mpaka soli za viatu zikawaka moto. Émile naye alipewa mrija, kwa maana Papa Honoré alisema aliyebeba mtungi hanyimwi. Alikunywa kwa uchungu mwanzoni, kisha kwa bidii.

Na Papa Honoré, mkono begani mwa Hubert, alikuwa akipanga mambo. Ndoa itafungwa kabla ya mvua kubwa. Mbuzi watatolewa hivi, blanketi ya bibi hivi. Kisha Léontine atapanda Karuba. Hubert akaongeza kwamba nyumba iko tayari, ina madirisha mawili, na ng'ombe wa maziwa mlangoni. Mzee akasifu madirisha. Wakakubaliana juu ya siku ya kupanda. Wakakubaliana hata atakayembebea sanduku.

"Na bibi arusi mwenyewe iko wapi?" mtu akauliza.

Wakageuka.

Léontine alikuwa ndani ya mtumbwi wa baba yake, amesimama, kasia mkononi. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kutoka kwenye jiwe, urefu wa nyavu mbili hivi, katikati ya ule mlango mwembamba ambapo maji ni ya kijani kibichi na hakuna anayejua mwisho wake chini. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililowatisha.

Papa Honoré akamwita, akamwambia arudi, watu wanafurahi kwa ajili yake.

"Ninaona munafurahi, Papa. Mumesikilizana ninyi wote, mumesikilizana na babu ndani ya jiwe. Kila muntu ameulizwa." Akapiga kasia moja, mtumbwi ukajisogeza. "Mimi sikuulizwa. Sasa ninajibu."

Hubert alikuwa amekwisha kufika ukingoni kabisa wa jiwe, mahali linapokatika na maji kuanza.

"Jibu basi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ninakupenda, muntu wa mulima. Nilikutoa shimoni, sikukutoa bure. Lakini kwa Karuba sipandi. Sitaamka asubuhi niangalie ng'ombe badala ya maji. Anayenitaka atakaa ukingoni, atajifunza ziwa kama mimi." Akaliweka kasia chini, akaketi, akanyoosha mikono miwili juu ya maji. "Anza leo. Kuja unichukue."

Wavuvi wakafungua vinywa. Émile, mrija mdomoni, akasahau kuvuta. Mzee mmoja akasema kwa huruma kwamba mitumbwi mingine ipo, apewe mtumbwi. Léontine akasema hapana.

Huko Karuba, msomaji, maji marefu kuliko yote ni ya kijito cha kunyweshea ng'ombe, nayo hufika magotini. Hubert hajawahi kulowesha kifua ila kwa mvua. Aliyatazama yale maji ya kijani. Aliyatazama macho ya Léontine.

Akavua koti, akampa Papa Honoré alishike. Akafungua mkanda wa ngozi. Akafanya ishara ya msalaba, kubwa, ya polepole, ya mtu asiye na haraka ya kuimaliza.

Kisha akaruka.